Mtemi wa Saksonia hakuwa mteule, alikuwa mteuzi

Nimelisikia tena, safari hii katika somo la Siku ya Matengenezo ya Kanisa: "Friedrich Mwenye Hekima, Mteule wa Saksonia, ndiye aliyemficha Luther katika ngome ya Wartburg." Mwalimu akaongeza kwamba watu wa Saksonia walimteua kwa sababu ya hekima yake. Somo lilikuwa zuri, watu walisikiliza kwa makini, na wengi waliandika. Ndiyo maana limeniuma. Sisi ambao wazee wetu wa Kilimanjaro walipokea wamisionari wa Leipzig, mji wa Saksonia huko Ujerumani, mwaka 1893, Saksonia si nchi ya kuizungumzia kwa kubahatisha.

Cheo chenyewe kwa Kijerumani ni Kurfürst: mtemi mwenye haki ya kupiga kura ya kumchagua mfalme wa Wajerumani, ambaye ndiye aliyekuja kuwa Kaisari wa Dola Takatifu la Kiroma. Hati ya Dhahabu ya Kaisari Karl IV, ya mwaka 1356, iliwataja saba: maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, mfalme wa Bohemia, na watemi wa Pfalz, Saksonia na Brandenburg. Maana ndiyo hiyo.

Taabu iko kwenye neno. Fürst ni mtu aliye mbele ya wenzake. Kur imetoka katika kitenzi cha kale cha kuchagua, kiesen, ambacho Wajerumani wa leo hukikumbuka zaidi katika neno erkoren, yaani aliyeteuliwa. Ukiyaunganisha unapata mtemi anayechagua. Kilatini nacho kilimwita elector, na ule mwisho wa -tor ni alama ya mtenda. Tunao hata sisi, umejificha katika maneno tuliyoyakopa: trekta huvuta, haivutwi.

Lakini kwa nini twende mbali hivyo, wakati Kiswahili kina njia yake ya kulitenga jambo hili? Mshindi ameshinda, mshinde ameshindwa. Mtume ametumwa, kiumbe kimeumbwa, mteule ameteuliwa. Irabu -e ya mwisho, katika majina ya namna hii, humwelekezea mtu tendo la mwingine. Upande wa pili wako mwokozi anayeokoa, mlezi anayelea, na mteuzi anayeteua. Hata ile l ya mteule, iliyokwisha kumezwa katika kitenzi teua, hujitokeza tena katika teuliwa. Lugha yenyewe inatuonyesha neno hili ni la upande gani. Kumwita Friedrich "Mteule wa Saksonia" ni sawa na kumwita mpiga kura mbunge.

Kosa la kwanza ndilo huzaa la pili. Ukishamwita mteule, lazima utafute waliomteua, na hapo ndipo wananchi wa Saksonia wanapoletewa kura ambayo hawakuwahi kuipiga. Friedrich alirithi. Hati ya Dhahabu ilikataza haki hiyo ya kura igawanywe: iende kwa mwana wa kwanza wa ndoa, asipokuwepo iende kwa ndugu, na mrithi akiwa mtoto, ndugu wa karibu wa upande wa baba aishike mpaka mtoto atimize miaka 18. Maaskofu wale watatu, wao waliteuliwa kwanza kabla ya kuteua, kwa kuwa kiti cha askofu hakirithiwi.

Tazama kura ya Saksonia ilivyotembea. Ukoo wa Wettin uliipata mwaka 1423, baada ya watemi wa Wittenberg kwisha bila mrithi. Mwaka 1485 ndugu wawili, Ernst na Albrecht, waligawana nchi, lakini kura haikugawanyika. Ilibaki kwa Ernst, na mwaka uliofuata ikamfikia mwanawe, huyu Friedrich wetu. Mwaka 1519 alikutana na wenzake Frankfurt wakamteua Karl V, aliyekuja kuwa Kaisari. Alipofariki 1525 bila mwana wa ndoa, alifuata mdogo wake Johann, kisha mwana wa Johann, Johann Friedrich. Huyu ndiye aliyeshindwa vitani Mühlberg mwaka 1547, akatekwa, na kura akapewa Moritz, mjukuu wa Albrecht. Aliyempokonya ni nani? Karl V, yule yule aliyepigiwa kura na Friedrich, baba mkubwa wa Johann Friedrich. Mteule alimnyang'anya mteuzi kura yake. Ukiwaita wote wawili wateule, jambo zito kama hili halisimuliki.

Baada ya Moritz kura haikutoka tena katika tawi la Albrecht. Mwaka 1806 Dola lilivunjika, hapakuwa na Kaisari wa kuteuliwa, na mtemi Friedrich August III akawa mfalme kwa mkataba na Napoleon. Hesabu ikaanza upya, akaitwa Friedrich August I, jambo linalowachanganya wengi. Kwa Hessen-Kassel, nchi nyingine ya Kijerumani, ilikuwa kinyume: mtawala wake alipewa cheo cha Kurfürst mwaka 1803, hakuwahi kumteua Kaisari hata mmoja, na nyumba yake bado ilikuwa ikikitumia Prussia ilipoimeza nchi hiyo mwaka 1866.

Na kama mwalimu wangu anasoma hapa, namwomba asilitupe neno mteule, maana lina mahali pake katika nasaba hii hii. Wafalme wa Poland walichaguliwa na makabaila wa nchi hiyo, na mwaka 1697 mtemi Friedrich August I wa Saksonia, yule waliyemwita Mwenye Nguvu (si yule mfalme wa 1806), aliingia Ukatoliki ili autwae ufalme huo. Alichaguliwa mwezi wa Juni, akavishwa taji Kraków mwezi wa Septemba. Katika miezi ile ya kungoja taji alikuwa mfalme mteule wa Poland, kama tunavyosema rais mteule kabla hajaapishwa, na wakati huo huo alikuwa Mteuzi wa Saksonia. Kwa Friedrich wa Luther, Mwalimu, andika Mteuzi.