Kompyuta haiioni simu: kabla hujaenda kutafuta draiva

Ombi ninaloletewa zaidi kwenye meza yangu hapa Langoni, Lamu, ni hili: "Fundi, kompyuta haiioni simu, nitilie draiva." Baada ya Maulidi na msimu wa harusi ndiyo huzidi, kwa sababu simu zimejaa video na mwenyewe anataka kuzishusha kabla nafasi haijamwishia. Draiva ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa kilichochomekwa. Jibu langu huwa ni lile lile: tusiguse draiva kwanza. Mara nyingi draiva imo tayari ndani ya kompyuta, na kilichokatika kiko kabla yake. Anayekimbilia tovuti zinazogawa "draiva za simu zote" humaliza bando, akaingiza virusi, na simu ikabaki haionekani vilevile.

Tuanze na kinachotokea unapochomeka. Waya ya kawaida ya USB 2.0 ina nyuzi nne ndani: nyekundu ya umeme wa volti 5, nyeusi ya ardhi, halafu nyeupe na kijani za data. Simu hujitangaza kwa kupandisha volti kwenye uzi mmoja wa data, ule wa D+, kupitia rezista ya kiloomu 1.5. Kompyuta ikiona volti imepanda, inauliza: wewe nani? Simu hujibu kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa yenyewe. Samsung ni 04e8, Google ni 18d1, Xiaomi ni 2717. Ni kwa namba hizo ndipo mfumo endeshi (Windows au Linux) unachagua draiva. Jambo hili ndilo ninaloomba ulishike: draiva huja baada ya namba. Namba zisipofika, hata uweke draiva mia, hazina pa kushika.

Kwa hivyo mimi huanza na waya. Madukani zimejaa waya zenye nyuzi mbili tu, za umeme. Simu inaonyesha inachaji, mteja anaapa waya ni nzima, na kwa upande wa chaji anasema kweli. Jaribu kwanza waya unayojua imewahi kuhamisha faili.

Waya ikiwa sawa, angalia tundu. Sisi wa kisiwani hewa yetu ni ya chumvi, na simu inayovuka kwa boti kutoka Mokowe kila asubuhi, au inayokaa mfuko mmoja na mchanga wa Shela, huonyesha hilo. Nikimulika tochi na kuweka lenzi, huona utando wa kijani umeshika pini. Tundu la Type-C lina pini za data safu ya juu na safu ya chini, katikati, lakini kichwa cha waya kina pini za data upande mmoja tu. Ndiyo maana kuna simu inayoonekana ukichomeka waya hivi, na ukiigeuza haionekani. Ukikuta hali hiyo jawabu umeshalipata: safu moja ina kutu au uchafu. Zima simu, toa pamba na mchanga kwa kijiti chembamba cha mbao, kisha pitisha brashi laini yenye isopropili (alkoholi ya kusafishia) na uiache ikauke kabisa. Usitie sindano. Ncha ya chuma hukwangua rangi ya dhahabu iliyofunika pini, na kutu hurudi upesi zaidi.

Sasa isikilize kompyuta inasema nini. Kwenye Linux fungua terminali (dirisha la kuandika amri), andika sudo dmesg -w, halafu chomeka. Yakitokea maneno "new high-speed USB device" pamoja na idVendor na idProduct, njia ni nzima. Ikiwa kimya, rudi kwenye waya na tundu. Kwenye Windows fungua Device Manager (orodha ya vifaa vya kompyuta), na hapa kuna misimbo miwili ambayo watu huichanganya. Msimbo 28 maana yake draiva haijawekwa. Huyo ndiye mgonjwa wa draiva wa kweli. Msimbo 43 ukiandamana na "Device Descriptor Request Failed" maana yake simu ilijitokeza lakini maelezo yake hayakusomeka, na kwa niliyoyaona mezani, karibu kila mara tatizo ni waya, tundu au mlango wa kompyuta. Inaniuma kumwona kijana akimaliza bando la mwezi kutafutia draiva msimbo 43.

Kuna na simu yenyewe. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu ikichomekwa huchaji tu mpaka mwenyewe afungue kufuli ya skrini, ateremshe taarifa za juu na kuchagua kuhamisha faili. Akishachagua, simu huzungumza kwa itifaki ya MTP, yaani kanuni za kuhamisha faili. Zamani simu ilijitokeza kama flashi: kompyuta ilitwaa hifadhi nzima na simu yenyewe ikashindwa kuisoma mpaka uichomoe. Kwa MTP kompyuta huomba faili moja moja, na simu hubaki na mamlaka juu ya mali yake. Nauona ni mpango mzuri, ingawa folda yenye picha maelfu itakuchosha kusubiri. Windows huja na draiva ya MTP, isipokuwa matoleo yenye herufi N, yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya bila vifaa vya midia. Ukiletewa laptopu na jamaa aliyeko huko, angalia herufi hiyo kabla ya kuilaumu simu. Dawa yake ni Media Feature Pack ya Microsoft, nayo ni ya bure.

Draiva ya kutafuta kwa mkono huhitajika hasa unapotaka ADB, yaani programu ya kuiamuru simu kutoka kwenye kompyuta. Mimi huitumia kuokoa picha kwenye simu ambayo kioo kimekufa nusu: amri moja, adb pull /sdcard/DCIM, na picha zinateremka. Kwenye Windows chukua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa simu yako mwenyewe, au ile ya Google kama ni Pixel. Fungua zipu, nenda Device Manager, bofya kulia kwenye kifaa chenye alama ya mshangao ya manjano, chagua kusasisha draiva, kisha elekeza kwenye folda yenye faili ya .inf. Faili hiyo inafunguka hata kwa Notepad, na ndani yake utazikuta zile namba zimeorodheshwa. Namba za simu yako zisipokuwemo, Windows haitaikubali draiva hiyo, nayo haikosei.

Kwenye simu, gonga namba ya toleo (Build number, kwenye Kuhusu simu) mara 7 ili mipangilio ya wasanidi ifunguke, kisha washa utatuzi wa USB. Tangu Android 4.2.2 simu huuliza kama unaiamini kompyuta hii na kukuonyesha alama ya ufunguo wake. Kwenye kompyuta yako ruhusu daima. Kwenye saiba usiruhusu daima hata kidogo, na ukimaliza rudi kwenye mipangilio ile ile ufute idhini zote, kwani mwenye idhini hiyo anaweza kutoa picha zako, kuweka programu na kufuta nyingine.

Wa Linux hawahitaji draiva ya ADB. Wanachokosa ni ruhusa. Ukiona adb inaandika "no permissions", kwenye Debian au Ubuntu weka kifurushi cha android-sdk-platform-tools-common, hakikisha umo kwenye plugdev, kundi la watumiaji wanaoruhusiwa kugusa vifaa vilivyochomekwa, chomoa simu na uichomeke upya. Sipendi tabia ya kuandika sudo adb kila mara. Inaficha tatizo tu.

Simu nyingi za Tecno na Infinix zina chipu za MediaTek, na hizo zikichomekwa zikiwa zimezimwa hujitokeza sekunde chache kama 0e8d:2000, kisha hupotea na kuanza kuchaji. Si draiva inayokatika. Ni hatua ya mwanzo ya kuwaka, simu inasubiri kidogo iwapo kuna programu ya kuuandika upya mfumo wake.

Kuipa kompyuta intaneti ya simu kwa waya nako hakuna draiva ya kutafuta: Windows 10 na Linux zote zinaitambua simu kama kadi ya mtandao. Wi-Fi ya ofisi ikilala, hii ndiyo njia ninayopendekeza, maana simu inachaji huku inafanya kazi. Lakini Windows itadhani umeunganishwa na mtandao usio na kikomo na kuanza kuteremsha masasisho yake makubwa. Mara inapounganika, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na uuweke kuwa wa kupimwa (metered, yaani wenye data ya kuhesabiwa), kabla hujafungua kitu kingine chochote.