Askari magereza si mshika funguo tu

Wengi tumekua tukiamini kwamba kazi ya askari magereza ni kufunga milango, kuhesabu vichwa na kuadhibu. Si ajabu: gereza tunaliona kwa nje tu, ukuta mrefu na bunduki getini.

Lakini adhabu hutolewa na mahakama, na kifungo chenyewe ndicho adhabu. Kwa Kenya, Ibara ya 51 ya Katiba ya 2010 inasema mfungwa hubaki na haki zake, isipokuwa zile zisizowezekana akiwa kifungoni. Ndani, askari mmoja anafundisha useremala, mwingine anasimamia cherehani au darasa la watahiniwa wa mitihani ya kitaifa. Bidii ya mfungwa katika kazi hizo ina hesabu yake: Sheria ya Magereza humruhusu mfungwa mwenye kujituma na nidhamu kupunguziwa theluthi moja ya kifungo, ingawa si aliyefungwa maisha. Ndiyo maana miaka sita mara nyingi huwa minne, wala hakuna aliyehongwa.

Ukitaka kuhakikisha haki hizo za mfungwa, isome Ibara ya 51. Ina vifungu vitatu tu. Au pita banda la magereza kwenye maonyesho ya kilimo, uulize kitanda kile kilipigwa randa na nani, na nani alimfundisha.