Gari la kilomita nyingi likimisi, si lazima injini iwe imekufa

Probox imepita kilomita 250,000, inatetemeka ikiwa imesimama, taa ya injini inawaka, na kijiwe kimeshahukumu: "Injini imekwisha, tafuta nyingine." Haraka ya nini? Mashine ya kupima gari inasoma msimbo P0302, na huo unasema tu kwamba silinda ya pili haichomi mafuta sawasawa, yaani inamisi. Hausemi kwa nini, wala hautaji koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche. Hamishia koili yake silinda ya tatu, futa msimbo, endesha. Ukigeuka P0303, koili ndiyo mbovu. Ukibaki P0302, hamisha plagi vivyo hivyo, kisha nozeli inayonyunyiza mafuta. Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, ipimwe kabla hujalipia injini ya mtumba: silinda moja ikiwa chini sana kuliko nyingine, hapo uchakavu unashukiwa, na hata hapo huenda ni valvu tu.