nfsd na mafaili yanayochelewa kufungwa: kazi ya nani hii?

Watu wengi tunaoendesha seva za NFS (mfumo wa kugawana mafaili kupitia mtandao) tunachukulia kufunga faili kama kitu cha bure, yaani ukishaita close() basi yameisha. Kwenye Linux haiko hivyo. Kinachofanyika kwanza ni keneli, yaani kiini cha mfumo, kupunguza hesabu ya wanaolishika lile faili, na ukiwa wewe ndo wa mwisho kuliachia ndo kazi yenyewe inaanza: kuachia loki (kufuli za kuzuia wawili wasigongane) zilizobaki, kuita release ya failisistimu, kuachia dentri na inodi (kumbukumbu za jina la faili na taarifa zake), na kama faili lilishafutwa ila kuna mtu alikuwa bado kalishika, bloki zake zinarudishwa hapo hapo. Hiyo kazi inafanywa na __fput(), na inaweza kuisha kufumba na kufumbua au ikakawia mpaka ukereke, inategemea failisistimu iliyo chini yake.

Tangu keneli 3.6 ya 2012, kwa mabadiliko ya Al Viro, mmoja wa waandishi wa keneli, fput(), ile inayopunguza hesabu, haiiti __fput() papo hapo. Sababu inaeleweka, fput() inaitwa kutoka kila kona ya keneli na mara nyingine aliyeiita ameshika loki ambayo __fput() nayo itaitaka, mkifika hapo ni dedloki, kila kitu kinakwama kikisubiriana. Kwa hiyo kazi inawekwa kiporo mpaka prosesi inapotoka kwenye keneli kurudi kwenye programu ya kawaida, wakati huo haijashika loki yoyote, ndo inamalizia. Mimi napenda huu mpango kwa jambo moja ambalo halisemwi sana: programu haiendelei na mambo yake mpaka imefanya usafi wake, so ukifungua na kufunga mafaili kwa fujo ni wewe mwenyewe unayepungua spidi, siyo jirani.

Sasa njoo kwa nfsd, yaani seva ya NFS ya Linux. Thredi zake zinaishi ndani ya keneli, zinachukua ombi la klayenti, zinajibu, zinachukua lingine, na haziendi kwenye programu ya kawaida hata siku moja maana hazina kwao huko. Ile sehemu ya kumalizia kiporo hazipiti kabisa. fput() ikiona imeitwa na thredi ya aina hiyo inalitupia faili kwenye listi moja, delayed_fput_list, na kupanga kazi ianze baada ya jifi moja (mpigo mmoja wa saa ya keneli), ambayo kwa HZ 250, yaani mipigo 250 kwa sekunde, ni milisekunde 4. Milisekunde 4 hazimuumizi mtu. Ila listi hiyo ni ya mashine nzima na anayeipitia ni mfanyakazi mmoja, faili baada ya faili kwa mstari, wakati huo nfsd umeipa thredi 64 au 128 na zote zinatupia tu na kuondoka. Ni harusi yenye wapishi hamsini na muosha vyombo mmoja, na wapishi hakuna anayegeuka kuangalia karo.

Neil Brown, mwandishi mwingine wa keneli, alipotuma pachi zake za kurekebisha hili aliandika kwamba kwa mteja mmoja foleni ilionekana imefika mafaili milioni 30, japo akasema sehemu ya lawama ilikuwa ya failisistimu ya XFS iliyokuwa nzito na ikarekebishwa baadaye. Piga hesabu kidogo: struct file moja (rekodi ya keneli ya faili lililofunguliwa) kwenye mashine ya biti 64 inakula kama baiti 256, kwa hiyo milioni 30 ni zaidi ya GB 7 na hapo hujagusa inodi na dentri zake, ambazo nazo zimeshikwa haziwezi kuachiwa hata memori ikibana vipi. Unaona OOM, ile sehemu ya keneli inayoua prosesi memori ikiisha, inaua maprosesi yasiyo na hatia na huelewi nani kala memori.

NFSv3, toleo la 3 la NFS, inaongeza utamu, maana haina open wala close, klayenti anasoma au kuandika moja kwa moja. Kwa hiyo tangu 5.4 (2019) nfsd ina kachi (akiba) ya mafaili yaliyofunguliwa ili isifungue na kufunga kwa kila ombi, na kachi hiyo nayo ilikuwa na foleni yake ya pembeni ya kufungia. Pembeni juu ya pembeni.

Wazo la kwanza la Brown mwishoni mwa 2023 lilikuwa kuruhusu thredi ya keneli itangaze kwamba na yenyewe itakuwa inamalizia viporo vyake. Kilichoingia mwishowe ni chepesi zaidi: nfsd inaita __fput_sync(), yaani aliyefunga ndo anamaliza, hapo hapo. Na ile foleni ya kachi ikatolewa, kufikia 6.9 kila thredi ikihudumia ombi inafunga pia mpaka mafaili 8 kutoka kwenye kachi, yakibaki mengine inaamsha wenzake. Brown mwenyewe alikiri 8 ni namba ya kukadiria tu. Lazima izidi 1 ili kufunga kuishinde kasi ya kuongeza, na isiwe kubwa sana klayenti wakaanza kusubiri.

Klayenti atahisi uzito kidogo diski ikichoka, sawa, na ndivyo inavyotakiwa, bora ucheleweshaji unaouona kuliko memori inayovuja kimya kimya. Ila wewe unayeandika moduli yako usikimbilie __fput_sync() kila mahali, hakikisha kwanza unajua loki zote ulizoshika, la sivyo umerudi kwenye dedloki za kabla ya 2012.

Kama bado uko keneli ya zamani usihangaike na lsof (amri ya kuorodhesha mafaili yaliyofunguliwa na programu), haitakuonyesha kitu, nfsd haina fd, yaani namba za mafaili kama za programu. Soma namba ya kwanza ya /proc/sys/fs/file-nr, ndiyo idadi ya struct file zilizopo, halafu linganisha na /proc/fs/nfsd/filecache. Kachi ikiwa ndogo na file-nr inapanda tu bila programu yoyote kueleza, mafaili yamekwama katikati, na slabtop (amri ya kuonyesha memori ya keneli) itakuonyesha filp, ndo hizo struct file, iko juu kabisa. Na tafadhali usiongeze thredi za nfsd ukidhani unasaidia, hapo unaongeza watupiaji wakati mfungaji ni yule yule mmoja. Angalia kwanza changelog ya distro yako kama pachi zimerudishwa kwenye keneli yako ya zamani.