Je, Wajua Kwa Nini Kiwanda cha Saruji Hakingoji Kupima Ubora Mwishoni?

Katika duka lolote la vifaa vya ujenzi Mombasa, iwe Kongowea au Likoni, mfuko wa saruji wa kilo 50 huwa umeandikwa 32.5 au 42.5. Namba hiyo ni kiwango cha chini cha nguvu, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba, ambacho kipande cha majaribio kinapaswa kufikia baada ya siku 28. Tatizo ni kwamba siku hizo zinapotimia, saruji yenyewe imeshauzwa, imeshachanganywa na mchanga, na huenda tayari ni nguzo ya ghorofa. Kipimo cha mwisho huja kikiwa kimechelewa.

Ndiyo maana kiwanda huhitaji mpango wa udhibiti, yaani jedwali linaloonyesha, kwa kila hatua ya uzalishaji, kinachopimwa, mipaka yake, kifaa cha kupimia, sampuli huchukuliwa kila baada ya muda gani, na nani afanye nini mpaka ukivukwa. Utaratibu huu ulipata sura rasmi katika sekta ya magari, hasa baada ya Chrysler, Ford na General Motors kutoa mwongozo wa pamoja mwaka 1994. Lakini naona saruji inauhitaji hata zaidi, kwani bolti iliyolegea hukazwa tena, ilhali saruji iliyokwisha kuganda haigandi mara ya pili.

Tuchukue mstari mmoja tu wa jedwali hilo. Mawe ya chokaa, ambayo Pwani imejaliwa kutokana na matumbawe ya kale, husagwa pamoja na udongo na kuchomwa katika tanuru hadi nyuzi joto 1,450 hivi za Selsiasi, yakatoka madonge yaitwayo klinka, ambayo baadaye husagwa kuwa saruji. Moto ukipungua, sehemu ya chokaa hubaki huru, yaani bila kuungana na udongo. Hiyo huja kunyonya maji polepole, ikavimba na kuipasua saruji ambayo imeshakuwa ngumu. Moto ukizidi, nishati ya kiwanda hupotea bure na klinka huwa ngumu kusaga. Kabla hata maabara haijatoa jibu la kemia, mhudumu huchekecha klinka, hujaza chombo cha lita moja na kukipima uzito: kikiwa chepesi kuliko kawaida, huenda klinka haikuiva.

Safu ya hatua za kuchukua ndiyo yenye thamani kuliko zote, na ndiyo hujazwa kivivu kwa maneno "mjulishe msimamizi". Ikiandikwa vizuri, huagiza klinka yote iliyotoka tangu sampuli nzuri ya mwisho itengwe, sampuli nyingine ichukuliwe, na humpa mwendeshaji wa zamu ruhusa ya kupunguza unga wa mawe unaoingia tanuruni bila kungoja simu ya mkubwa. Anayepima kila baada ya saa mbili hutenga mzigo wa saa mbili; anayepima mara moja kwa zamu hutenga wa saa nane.

Machimbo yakihamia kwenye jiwe lenye kemia tofauti, au jasi inayochelewesha kuganda ikinunuliwa kwingine, mistari inayohusika huandikwa upya kabla mzigo wa kwanza haujaingia kinuni.