Kiserer kwa mdomo wa Mswahili: shida ni b, si ɓ

Mswahili anayeanza Kiserer, lugha ya Senegal na Gambia yenye wasemaji zaidi ya milioni moja, hushtushwa na herufi ɓ, ɗ na ƴ. Asihangaike nazo, anazo tayari. Weka kidole kwenye kikoromeo useme «baba» polepole. Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili kikoromeo hushuka kidogo midomo ikiwa imefungwa, na midomo ikiachana hewa kidogo huingia ndani badala ya kutoka. Hiyo ndiyo ɓ. «Dada» inakupa ɗ, na «jaa» inakufikisha karibu sana na ƴ.

Kinachomshinda ni b ya kawaida. Kwetu ukisema «baba» kwa kushusha kikoromeo au bila kukishusha, neno ni lile lile. Kwa Kiserer b na ɓ ni konsonanti mbili zinazotenga maneno, kama p na b zinavyotenga «pata» na «bata». Dawa iko katika «mbao»: baada ya m, b yetu haifyonzi hewa. Irudie mara kumi, kila mara ukiifupisha m, mpaka ibaki b tupu. Fanya hivyo hivyo kwa nd, nj na ng. Wengi hukosea kwa kuiondoa m ghafla. Mdomo unarudia mazoea na ɓ inajipenyeza tena.

Kazi halisi ni ƥ, ƭ na ƈ. Hizi ni ɓ, ɗ na ƴ zilizonyimwa mngurumo (mtetemo wa kooni), sauti adimu mno duniani, na Kiserer ndicho mfano ambao wanafonetiki huutaja mara nyingi. Kwa ƥ, funga midomo. Bana pumzi kooni, kama mtu anayejiandaa kunyanyua gunia. Shusha kikoromeo huku koo likiwa bado limebanwa, achanisha midomo, ndipo uachie irabu. Ukisikia mlio mkali unaoruka nje kama ile ya Kiamhara, kikoromeo kimepanda badala ya kushuka. Ukisikia mngurumo kabla midomo haijaachana, umerudi kwenye ɓ. Kipimo rahisi ni ukanda wa karatasi nyembamba mbele ya mdomo: kwa «paa» yule mnyama, kama anavyotamkwa pwani, karatasi inaruka, kwa ƥ haipaswi kupeperushwa.

Kwa hiyo midomo peke yake ina vipasuo (konsonanti za kufunga hewa kisha kuiachia) vitano: p, b, mb, ɓ, ƥ. Sijui kwa nini vitabu vya kujifunzia huanza na salamu kabla ya kumpa mwanafunzi safu hii.

Koo la nyuma ni jepesi kwa aliyesoma chuo cha Kurani: x ni ile kh ya «kheri» inayotamkwa kwa Kiarabu, na q ni qaf. Jizoeze kwa xarɓaxay, «kumi», ukikata xar-ɓa-xay. Alama ' ni kukata pumzi kooni. Ñ ni ny yetu, ŋ ni ng', c ni kama ch. Maneno asilia hayana v, z wala sh. Toni hakuna.

Irabu ni tano zile zile, lakini urefu hutenga maana. Mswahili akiona «meen» katika mexe meen, jibu la salamu lenye maana ya «niko», huifanya silabi mbili, me-en, kwa sababu «kaa» yetu ni ka-a. Kiserer kinataka silabi moja iliyovutwa.

Halafu kuna mabadiliko ya konsonanti ya mwanzo, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwanamume ni o koor, wanaume ni goor. Mwanamke ni o tew, wanawake rew. Mtu ni o kiin, watu wiin. Tazama vizuri: k ya koor inageuka g, k ya kiin inageuka w. Kutoka umoja huwezi kubahatisha wingi, kwa hiyo hifadhi maumbo yote mawili. Vitenzi navyo hubadilika: ret, «kwenda», huwa ndet kiima kikiwa wingi. Aliyezoea «urefu» na «ndefu», «ulimi» na «ndimi», hapo yuko nyumbani. Na ndipo ƥ, ƭ na ƈ zinapofanya kazi yake, kwa kupokezana na ɓ, ɗ na ƴ mwanzoni mwa mashina. Ukizichanganya unaharibu sarufi, si lafudhi tu.

Tahadhari na maandishi ya Kifaransa: kh ni x, di mbele ya irabu mara nyingi ni j. Ndiyo maana ukoo mmoja huandikwa Diouf Senegal na Joof Gambia. ɓ na b huandikwa herufi moja, basi usijifunze matamshi kutoka kwenye ramani. Na ukitafuta rekodi, chagua za lahaja ya Siin, upande wa Fatick nchini Senegal. Kinoon, Kisaafi, Kindut na wenzao huitwa «Serer» mitaani, lakini ni lugha za kundi jingine, Cangin, na mazoezi haya hayatakusaidia huko.