Kirusi Kuonekana Kwenye Maziwa ya Mama Si Amri ya Kumwachisha Mtoto

Kuanzia Kayole hadi Kawangware jijini Nairobi, wapo wanaoamini kwamba maziwa ya mama yakipimwa na kukutwa na kirusi, mtoto aachishwe hapo hapo. Si kweli, na ushauri huo huumiza watoto.

Kipimo cha PCR hutafuta vipande vya chembe za urithi za kirusi, na kipande chaweza kutoka kwa kirusi kisichoweza tena kuambukiza. Muhimu zaidi ni kujua ni kirusi gani na mtoto ni yupi. Kirusi kiitwacho saitomegalo, kwa mfano, hutoka kwenye maziwa ya akina mama wengi wenye afya. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati kwa kawaida hadhuriki, ila mtoto njiti mdogo sana, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, huhitaji uangalizi.

Hofu ya VVU ina msingi. Utafiti uliofanyiwa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2000, kabla ARV, dawa za kudhibiti VVU, hazijaenea, ulionyesha takriban watoto 16 kati ya 100 wakiambukizwa kwa kunyonya. Leo mama akimeza ARV kila siku na virusi vyake visionekane kwenye damu, hatari hiyo hushuka chini ya 1 kati ya 100. Ndiyo maana kliniki humwambia anyonyeshe maziwa matupu miezi 6, bila uji wala maji, huku mtoto akipewa dawa za kinga. Kuacha dawa ndiko kunakonitisha mimi, si kunyonyesha.

Na katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, penye benki ya maziwa tangu 2019, maziwa ya kuchangiwa hupashwa nyuzi 62.5 kwa dakika 30 ili kuua virusi kabla ya kupewa watoto.